Siku Breki Zilipokunywa Lutuku

Mama yangu ana chupa ndogo, iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, ambayo hukaa dirishani karibu na kitanda chake. Ndani yake kuna mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na lutuku, ile pombe kali ya mahindi ambayo huku Kolwezi hupikwa nyuma ya nyumba na kutukanwa mbele yake. Mama hainywi. Hujipaka magotini msimu wa mvua unapoanza. Akifungua tu kizibo, harufu inafika mlangoni kabla yake: kwanza uzito wa mafuta, kama karanga zilizosahauliwa juani, halafu nyuma yake ukali wa pombe unaopanda puani na kuyatia macho maji.

Wengine wakiinusa harufu hiyo huwakumbuka wazee wao. Mimi mguu wangu wa kuume hukaza wenyewe. Nikiwa nimekaa, kisigino kinatafuta sakafu na vidole vinakanyaga kitu ambacho hakipo. Ni pedali ya breki ya kamioneti ya baba yangu, Tata, gari ambalo limekufa zamani na ambalo mguu wangu peke yake bado haujapata habari za msiba wake.

Sijawahi kumweleza mtu jambo hili. Mimi hufikiri sana kabla ya kusema, na nikishamaliza kufikiri huona afadhali ninyamaze. Nimesoma chuo Lubumbashi hadi mwisho, diploma yangu iko salama ndani ya plastiki, na bado naweza kusimama mbele ya mama muuza mikate nikashindwa kuchagua mkate, nikiuonea huruma ule nitakaouacha. Mama husema kichwa changu ni kama kiwanda cha Kingamyambo: kinasaga upya mabaki ambayo wengine walikwisha kuyasaga na kuyatupa. Hajakosea. Basi nipeni nafasi niyasage haya kwa sauti, kwa kuwa ninyi hamnijui na hamtanicheka mezani.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, mwenye miguu mifupi kuliko umri wake. Tulikaa katika nyumba ya matofali mekundu, na ukubwa wa ua ulitosha mahindi, choo, mibarika iliyojiotea yenyewe kando ya ukuta, na kamioneti. Tata alikuwa karani wa vipuri huko migodini, mtu wa masharubu na maneno machache. Alizaliwa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, akaletwa kufanya kazi ya migodi, akaendesha malori hadi mgongo ukakataa. Mjane wake, Kaku, yaani bibi yangu, aliishi nasi. Mimi nilipewa jina lake, Ngalula, na kwa desturi ya watu wa Kasai baba hamwiti hivihivi mtoto aliyebeba jina la mama yake. Humwita mama. Kwa hiyo Tata, pamoja na masharubu yake, aliniita mamu, nami nikaitika kama mtu mwenye haki yake.

Mama alikuwa mtu wa Kaskazini ya Katanga, upande wa Manono. Kabla ya mwaka ule hilo lilikuwa jambo la mapishi tu. Kaku alisema ugali wa Mama ni laini, Mama alisema ugali wa Kaku unaweza kujengea ukuta, na Tata alikula wa wote wawili.

Kisha nchi ikaanza kuchoka. Malori ya migodi yalisimama moja baada ya jingine, kila moja mahali lilipochokea. Maduka ya mjini yalifungwa, yakafunguliwa kwa fujo, na baada ya hapo hayakuwa na mlango wa kufunga. Redio ikaanza kusema maneno kuhusu watu wa Kasai, kwamba warudi kwao. Vijana wakapita barabarani wakiimba, wakituita bilulu. Mimi nilijua bilulu ni wadudu, nikaenda kuchungulia ndani ya unga, nikamwambia Mama kwa furaha kwamba hamna hata mmoja. Mama alinikumbatia kwa nguvu ambayo haikulingana na habari yenyewe.

Darasani, dawati langu likawa pana. Rafiki niliyeketi naye alikuwa stesheni pamoja na wazazi wake, chini ya shuka lililofungwa kwenye nguzo, wakingoja treni. Wengi walikuwa hapo. Treni zilikuja zikiwa zimejaa, na watu waliozingoja kwa muda mrefu walianza kuugua. Kaku alikuwa na kifua kibaya. Tata alikwenda stesheni, akatazama, akarudi, akavua viatu na kukaa navyo mkononi. Kisha akasema, "Mama yangu hatalala pale."

Mpango wake ulikuwa huu. Njia ya reli ya kwenda Kasai hupitia Lubudi. Huko alikuwa na rafiki, katekista, aliyekubali kutoa chumba. Angempeleka Kaku Lubudi kwa kamioneti, angoje treni akiwa chini ya paa. Lakini barabara ya Lubudi ina miteremko, na mvua zilikuwa zimeikata vibaya. Na kamioneti haikuwa na breki. Kipira cha gurudumu la nyuma kilikuwa kimepasuka, mafuta ya breki yakatoka yote, hewa ikaingia mahali pake. Tata alipata kipira kingine kutoka lori lililokufa huko mgodini Mutoshi, akakifunga. Hata hivyo ukikanyaga pedali ilizama hadi sakafuni bila ubishi wowote, laini kama ndizi iliyopitiliza.

Kulikuwa na jambo la pili, nami nililisikia kwa sababu watoto wanaofikiri sana husikia pia sana. Mama alikuwa na kaka mkubwa, Yomba Kabange. Huku tunamwita hivyo mjomba, yomba. Yeye ndiye aliyesimama kwa niaba ya ukoo Mama alipoolewa. Alikuwa ametuma neno: Jumamosi atakuja kumchukua dada yake na watoto, yaani mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni, atupeleke kwake Mutoshi, kwa sababu sisi tulikuwa na mama wa huku na tungeweza kufichika. Tata na Kaku wangekwenda peke yao. Na katika ukoo wa Mama, kaka aliyesimama kwenye ndoa yako haambiwi hapana machoni pake. Unaweza kulia, unaweza kuchelewa. Kumkatalia, hapana.

Tata alipoambiwa, alisema, "Kaka yako hana makosa." Mama akaendelea kuchambua maharage, na niliona akiyatupa yale mazuri.

Jumamosi asubuhi ilikuwa na mawingu ya chini, ya rangi ya sufuria. Mafuta ya breki hayakupatikana mji mzima. Kijana mmoja jirani alimshauri Tata atie maji ya sabuni, kama wengi walivyofanya miaka ile. Mwingine akasema mafuta ya mawese, na Tata akatikisa kichwa, kwa sababu mawese huvimbisha vipira. Hapo Kaku, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni akiwa na kitambaa kifuani, akakohoa na kusema kwamba mume wake zamani, gari likimharibikia porini, alichanganya mafuta ya mbarika na pombe kali.

"Nusu na nusu," alisema. "Halafu unaangalia. Ikikubaliana, unatia. Ikikataana, juwa kuko mutu amekudanganya."

Akaingia ndani, akatoka na dumu lake la mafuta ya mbarika. Aliyakamua mwenyewe, kutoka kwa mibarika ileile ya ukutani. Yalikuwa ya nywele zake, ya magoti yake, ya kila maumivu. Alilitazama dumu, akalitazama gari, akampa Tata.

Lutuku ilikuwa kwa jirani yetu, Mama Chantal, mwanamke mnene wa Kilunda aliyependwa na wanaume wa mtaa mzima kwa sababu ya mapipa yake. Mtoto wake mkubwa alikuwa miongoni mwa wale walioimba barabarani, na yeye mwenyewe siku hizo hakuzungumza nasi ila kupitia ukuta. Tata alimwita pale penye tofali lililovunjika.

"Gari njo inataka lutuku?" Mama Chantal alicheka, tukasikia tumbo lake likicheka pia. "Tata Ngalula, ikilewa je? Itaimba njia yote, na kufika Lubudi itatafuta kuoa!"

Chupa ikapita tunduni, chini ya fungu la sombe ili mpita njia aone mboga tu. Tata alichanganya ndani ya bakuli la kioo, sote tukainama. Yale mawili yakakataana. Mafuta yalikaa chini kama mtu aliyenuna, pombe ikakaa juu, na katikati kukawa na weupe wa maziwa. Kaku alimwangalia Tata tu.

Tata akarudi ukutani. "Mama Chantal, lutuku yako iko na maji."

"Yangu?" Sauti ilipanda. "Yangu mi? Baba, muulize mutaa muzima! Polisi banakunywa hapa! Padri..." Akasita. Kisha tukasikia akicheka kwa pua, polepole, kama mtu anayefungua mlango uliokwama. "Ile ni ya bakiriya, Tata Ngalula. Ningewapa ya kweli, nani angerudi kesho? Bangekufa bote."

Alikwenda, akakawia. Alirudi na chupa iliyofungwa kwa kitambaa: lutuku ya kwanza, ile inayodondoka kabla ya nyingine zote, ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya kumaliza matanga ya baba mkwe wake. "Baba mukwe atangoja," alisema. "Alikuwa mutu wa kungoja." Na kabla ya kuondoka tunduni akaongeza kwa sauti nyingine, ya chini, "Mukienda, mupite asubuhi sana. Mutoto yangu na benzake banalala mupaka jua."

Tata alimimina matone ndani ya kijiko, akawasha kibiriti. Moto wa buluu ukatembea juu ya kijiko bila kelele, na nyuso zetu zote zikawa za buluu kidogo mchana ule wa mawingu. Safari hii mafuta na pombe viliingiana hadi hukujua kipi ni kipi. Kaku akapiga makofi mara moja, kama kanisani mtu anapobatizwa.

Sasa niwaeleze kazi ilivyokwenda, maana bila hilo hamtaelewa jambo lililonichukua miaka mingi kulielewa. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu watatu. Wa kwanza hulala chini ya gari, penye gurudumu, ambako kuna skrubu ndogo. Tata aliivalisha mpira mwembamba wa serumu, ule wa kuwatundikia wagonjwa maji hospitali, ukaishia ndani ya chupa. Wa pili hukaa ndani na kukanyaga pedali. Wa tatu husimama mbele, boneti ikiwa wazi, akiongeza mafuta katika kikopo cha breki kila yanaposhuka. Kikopo kikikauka, breki zinavuta hewa mpya, na kazi yote inaanza mwanzo.

Kaku hakuweza kusimama. Kwa hiyo kikombe cha mafuta kilishikwa na Mama, kikombe cha bati chenye ua la buluu, na pedali ikawa yangu. Nilisukumiwa mto mgongoni ili mguu ufike.

"Mamu, sikiliza," Tata alisema kabla hajalala chini. "Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema shika, unashika, na pedali ikizama, unaifuata mupaka chini. Usiachie mupaka nikuambie. Ukiachia na mi sijafunga, hewa inarudia."

Nilikuwa nimezoea kuambiwa nisiguse. Kuambiwa nishike, tena nisiachie, kulinifanya nijione mrefu.

Tulianza na gurudumu la nyuma la kuume, lililo mbali zaidi. Ndani ya kamioneti palikuwa na joto na harufu ya unga wa zamani. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na boneti iliyoinuliwa, hivyo dunia yangu ilikuwa usukani, medali ndogo ya Bikira Maria iliyoning'inia, na ule mwanya mwembamba kati ya boneti na gari. Katika mwanya huo niliona mikono ya Mama tu. Mikono bila uso. Kikombe kiliinama, kikainuka, kikainama tena.

"Kanyaga." Sauti ya Tata ilitoka ardhini. "Kanyaga. Kanyaga. Shika."

Nikashika. Kle yake, yaani spana, iligonga chuma, na pedali ikaanza kuzama chini ya mguu wangu taratibu, kama unavyozama usingizini ukiwa bado unasikia watu wakizungumza. Nikaifuata. "Achia." Nikaachia. Na tena. Baada ya muda sikujua tena kama ni mimi niliyekanyaga au ni sauti. Mahindi yalisugua majani yao. Mbali, kwenye njia kuu, waliimba, na wimbo wao ukaja na kuondoka kwa upepo, mzuri kabisa kwa mtu asiyesikia maneno.

"Inatoka, Tata?"

"Inatoka. Povu mingi."

"Hewa ilifanya nini?"

"Haikufanya kitu, mamu. Banasema tu hapa haiko fasi yake."

Nililifikiri neno hilo hadi gurudumu la pili. Nilijiuliza hewa ikishatoka ndani ya chupa inakwenda wapi, na kama huko inakokwenda inajulikana.

Mafuta yaliyotoka Tata aliyaacha yatulie hadi povu lilipopanda na kupotea, kisha akamrudishia Mama. Magurudumu ya nyuma yakaisha. La mbele la kuume likaisha. Pedali ilikuwa imeanza kunijibu: kila nilipokanyaga ilinisukuma kidogo, kama mtu anayekuambia basi, inatosha. Hapo ndipo furaha ikaingiwa na kitu kingine. Kama pedali ingekuwa ngumu kabisa, Tata angeondoka. Nilikuwa nikimsaidia kuondoka kwa mguu wangu mwenyewe. Nikaendelea kukanyaga kwa sababu alisema kanyaga.

Yomba Kabange aliingia uani tulipokuwa kwenye gurudumu la mwisho. Alikuwa amekuja na lori la wafanyakazi la Mutoshi, ambalo lilimngoja njia kuu hadi dereva amalize shughuli zake. Alivaa koti la mvua la manjano la wachimbaji, refu hadi magotini, na alikuwa na uso wa mtu aliyekariri jambo njiani. Alimsalimu Kaku kwa mikono miwili. Alimsalimu Mama. Kisha akazitazama nyayo za Tata zilizotokeza chini ya gari.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji," gari likajibu. "Unisamehe. Mikono iko chafu."

"Maliza kwanza."

Mama alisema, akimwita yaya kama huku aitwavyo kaka mkubwa, "Yaya, bitu byetu biko tayari." Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeliona furushi.

Yomba akatikisa kichwa. "Hapana. Bibi ya mutu habamuchukuake, bwana yake akiwa amelala chini. Asimame, anawe mikono, tuagane macho kwa macho. Nitangoja." Akageuza beseni, akakaa juu yake, koti likamzunguka kama hema.

Kwa hiyo tuliendelea, na sasa kulikuwa na mtu aliyengoja. Kanyaga, shika, achia. Pedali ilisimama juu, ngumu, na nikasema kwa sauti iliyokuwa nusu kujivuna na nusu kilio, "Tata, iko nguvu!"

"Bado kidogo. Povu ndogo ndogo. Kanyaga. Kanyaga. Shika."

Nikatazama kwenye mwanya. Mikono ya Mama ilikuwa palepale. Kikombe kilikuwa kimejaa. Mafuta yaligusa ukingo na mwanga wa mawingu ulielea juu yake. Hakikuinama. Kilikuwa kimetulia kabisa, kama kikombe kilichochorwa. Nilikiona kwa muda mrefu, nikaupenda utulivu wake. "Kanyaga," Tata alisema. "Shika. Achia. Kanyaga." Na kikombe kikabaki hivyo.

Halafu mguu wangu ukaanguka. Hakuna neno jingine. Pedali ilikwenda hadi sakafuni kama ngazi usiyoitarajia, na chini, ndani ya chupa ya Tata, kitu kikabwabwaja.

Nilijua nimeharibu. Nikajaribu tena haraka: laini, laini kabisa, kama asubuhi. "Tata, sikuachia," nikalia. "Sikuachia!"

Kle iliwekwa chini taratibu. Nyayo za Tata hazikutikisika. Yomba aligeuza kichwa kutazama, na Kaku akaacha kukohoa. Niliona mikono ya Mama ikisubiri pamoja na kikombe chake. Nilingoja Tata agombe. Hata yeye, mpole, alikuwa na haki ya kugomba, kwani kazi ya nusu siku ilikuwa imepotea.

"Hukuachia, mamu," ilisema sauti chini ya gari, na haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa karibu sauti ya wimbo. "Tuanze upya. Gurudumu ya nyuma."

Akajivuta kwa mgongo hadi nyuma, bila kusimama.

Ndipo Mama akamimina.

Matone ya kwanza ya mvua yalipiga bati la kamioneti. Honi ikalia njia kuu, mara ndefu, kisha mara fupi za dereva aliyechoka, kwa sababu jua likishuka vijana waliweka vizuizi na lori halikutaka kukutwa. Yomba alisimama. Alizitazama nyayo za Tata, safari hii zikiwa upande mwingine wa gari, na akamtazama dada yake. Mama alitazama chini.

"Kesho asubuhi, basi," Yomba alisema. "Jua likishapanda."

"Ndiyo, yaya."

Akaja dirishani kwangu. Nilidhani ataniaga. Akavua koti lake la manjano, akaliweka juu ya kiti kando yangu, likiwa bado na joto la mgongo wake. "Nitaichukua kesho," alisema, na akatoka katika mvua na shati lake jeupe, akitembea polepole kama mtu ambaye hana lori linalomngoja.

Breki tulizimaliza usiku ule kwa mwanga wa taa. Alfajiri iliyofuata, wakati mtoto wa Mama Chantal na wenzake bado wamelala, tulitoka sote. Kaku alikaa mbele akiwa amevikwa koti la manjano, kama malkia wa mgodi. Mama alikaa kando yake na mdogo wangu, furushi lililokuwa la Mutoshi likiwa magotini pake. Mimi nilikuwa nyuma juu ya magodoro, uso wangu kwenye kidirisha kidogo. Kwenye mteremko mkubwa wa kwanza, ambao chini yake ukungu ulifunika kila kitu, niliona mguu wa Tata ukishuka. Wangu ukashuka nao. Gari likapunguza mwendo, likatii. Tukateremka ndani ya ule weupe polepole, na harufu ya mbarika na lutuku ikapanda kutoka kwenye magurudumu yenye joto, na Kaku akasema jina la mume wake kwa sauti, kama anayemsalimu njiani.

Sitawaeleza mengi ya Kasai. Huko walituita watu wa Katanga. Mama alijifunza lugha ya huko akiwa sokoni, akichekwa na kucheka. Kaku alipumzika Mwene-Ditu, na miaka ilipopita Tata akamfuata, homa ya siku chache tu. Nilipokuwa msichana mkubwa Mama alisema twende nyumbani, na akanunua koti la mvua. Yomba Kabange alitupokea Kolwezi, nywele zake zikiwa nyeupe. Neno lake la kwanza kwa dada yake baada ya miaka yote ile lilikuwa, "Na koti yangu?" Mama akampa lile jipya. Walishikana hadi abiria wengine wakapita pembeni.

Hata hapo sikuelewa. Kwa miaka yote niliamini Mama alisahau. Niliamini alichanganyikiwa kwa kumwona kaka yake, mafuta yakashuka, na kwa bahati ile mbaya tukapata nafasi ya kuondoka pamoja. Nilimwonea hata huruma kwa kosa hilo. Nililiweka pamoja na makosa mengine ninayoyahesabia watu usiku. Mtu mwenye diploma!

Wiki hii, mvua za kwanza zilipofika, Mama alifungua chupa yake, na mguu wangu ukakaza, na kwa mara ya kwanza sikufikiria mguu. Niliiona mikono. Kikombe kilikuwa kimejaa. Mtu aliyesahau kumimina hashiki kikombe kilichojaa juu ya kikopo kinachokauka, bila kutikisika, akikitazama. Nikakumbuka Tata alivyojivuta kwa mgongo bila kusimama. Nikakumbuka shati jeupe ndani ya mvua.

"Mama," nilisema, "siku ile ya breki. Ulisahau kumimina?"

Aliendelea kusugua goti lake, akizunguka, akizunguka.

"Kusahau?" alisema. "Mi nilikuwa naangalia. Mafuta ilishuka, ilishuka. Nikasema, iache ishuke."

"Tata alijua?"

"Tata yako alikuwa chini ya gari. Aliniuliza kitu?"

"Hapana."

"Basi."

Nilitaka kumuuliza mengine. Kama aliwahi kujuta, huko Mwene-Ditu, mbele ya makaburi mawili. Kama aliamua palepale au alikuwa ameamua tangu siku ya maharage. Kama mtu hujua namna gani, akiwa na kikombe mkononi na pande zote mbili zinamtazama, kwamba huu ndio upande. Nilikuwa na maswali mengi, yote yamepangwa vizuri. Mama alinitazama, akaniona nikiyapanga, akanyoosha mguu juu ya kitanda na kunipa chupa.

"Mamu," alisema, jina ambalo tangu Tata afe halikutoka kinywani mwa mtu yeyote, "paka hapa nyuma ya goti, mi sifiki. Na usifikiri. Mimina tu."